Hukumu Nyepesi: Hakimu Aulizwe na Nani?

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana wa jumuiya baada ya swala ya Alasiri. Tunaichapisha kwa maombi ya wengi waliohudhuria.)



Ndugu zangu, dada zangu, na wewe msomaji ambaye hukuwepo ukumbini siku ile: najua saa hii koo zimekauka na wengine wenu mawazo yako kwenye kaimati. Nitajitahidi nisiwachoshe. Lakini jambo lenyewe si jepesi, na mkisikia nimelizungusha sana jueni ni kwa sababu kulisema moja kwa moja kunaniuma.

Mimi si wakili. Ni mwalimu wa shule ya msingi, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikijitolea kama msaidizi wa sheria. Yaani ni yule mtu anayemsindikiza mama kituo cha polisi, akamwonyesha fomu ya P3 inajazwa wapi, kisha akakaa naye kwenye benchi la mahakama kutwa nzima mpaka waambiwe kesi imeahirishwa. Mawakili mliopo hapa nikiteleza mtanisahihisha.

Nianze na aibu yangu mwenyewe.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 kulitolewa hukumu katika mahakama moja ya hakimu, sitaitaja. Mtoto alikuwa na miaka 13 alipotendewa, na 15 siku ya hukumu. Aliyemtenda ni jirani, mtu wa makamo, mtu wa kusalimiwa njiani. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 iko wazi: anayemnajisi mtoto wa miaka 12 hadi 15 kifungo chake hakipungui miaka 20. Hakimu akampa miaka 7.

Habari ilifika mtaani kabla ya Magharibi. Vijana tulichemka. Kesho yake tulikuwa barabarani na mabango, na moja ya mabango hayo niliandika mimi kwa mkono wangu: HAKIMU AENDE. Tulipiga kelele, tukapigwa picha, tukarudi nyumbani tumeridhika kwamba tumefanya kitu.

Baada ya kama miezi miwili hivi, nilikwenda kumwona mama wa yule mtoto. Nikamuuliza, "Mama, rufaa imefika wapi?" Akaniangalia. Akasema, "Rufaa gani, mwanangu? Mimi sikuambiwa kama kuna rufaa."

Wallahi nilitamani ardhi ipasuke. Sisi sote tulioandamana, hakuna hata mmoja aliyekuwa amekwenda kuomba nakala ya hukumu. Hakuna aliyejua hakimu alitoa sababu gani. Hakuna aliyebisha mlango wa kiongozi wa mashtaka. Siku yenyewe ya hukumu, kwenye benchi alikuwako mama peke yake na dadake. Upande wa pili, jamaa za mshtakiwa walikuja na gari mbili.

Nikaenda kuitafuta hukumu nikaisoma. Na hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri, maana nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba hakimu yule kala kitu. Kumbe hukumu ina kurasa, na kurasa zina hoja. Hakimu alikuwa ameandika kwamba Mahakama Kuu ya Machakos, Mei 2022, iliona si sawa kikatiba kumfunga hakimu mikono kwa kiwango cha chini kabisa cha kifungo bila kumwachia nafasi ya kupima kila kesi. Akapima. Akaona mshtakiwa hajawahi kukosa, ana watoto, na ameomba msamaha. Akampa 7.

Mimi bado nasema ilikuwa hukumu mbovu. Hiyo nafasi ya kupima aliyoitaka, kwa mtoto hakupima lolote. Katika kurasa zote zile mtoto ametajwa kwa umri wake, kwa ripoti ya daktari, basi. Hakuna mstari unaosema ameacha shule. Lakini hukumu mbovu yenye sababu zilizoandikwa, na hukumu iliyonunuliwa, ni vitu viwili mbalimbali, na kila kimoja kina dawa yake. Sisi tulikwenda barabarani na dawa ya hii ya pili, huku mgonjwa akifa kwa ile ya kwanza.

Hebu tuelewe ilivyofika hapo. Zamani, kabla ya 2006, Kanuni ya Adhabu iliweka dari tu: mbakaji angeweza kupewa hata kifungo cha maisha, lakini sakafu hakuna. Mmoja anapewa miaka mingi, mwingine michache, na kosa ni lile lile. Njoki Ndung'u, wakati huo mbunge wa kuteuliwa, alipopeleka mswada bungeni, moja ya mambo makubwa ndani yake lilikuwa ni kuweka hiyo sakafu. Ubakaji si chini ya miaka 10. Ubakaji wa genge si chini ya 15. Mtoto wa miaka 16 hadi 18, si chini ya 15. Wa 12 hadi 15, si chini ya 20. Wa miaka 11 kwenda chini, kifungo cha maisha. Wanaokumbuka mjadala wa bunge mwaka ule wanajua haukuwa wa heshima sana, kulikuwa na waheshimiwa waliochekelea. Lakini sheria ilipita.

Halafu Desemba 2017 Mahakama ya Juu, ile iliyo juu ya zote, ikaamua katika kesi ya Muruatetu kwamba hukumu ya lazima ya kifo kwa mauaji haiendi na Katiba. Kesi ile ilikuwa ya mauaji. Lakini mlango ulipofunguka, waliofungwa kwa unajisi nao wakaingia wakisema na sisi tupimiwe upya. Majaji wengi wakawapimia. Julai 2021 Mahakama ya Juu ikasema: jamani, sisi tulizungumzia mauaji tu. Hata hivyo mto ukaendelea kutiririka, na ule uamuzi wa Machakos wa 2022 ukaupa nguvu mpya.

Wakati huohuo kulikuwa na kesi nyingine, ya mtu aliyefungwa miaka 20 kwa kumnajisi mtoto. Mahakama ya Rufaa huko Nyeri ikampunguzia mwaka 2022 ikampa 15. Hapa ndipo penye funzo, ndugu yangu. Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma hakukaa kimya, alikata rufaa mbele zaidi. Tarehe 12 Julai 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha ile miaka 20. Ikaeleza kwamba kiwango cha chini si sawa na hukumu ya lazima, kwa kuwa hakimu bado ana nafasi ya kupima kwenda juu, ila chini ya ile sakafu aliyoiweka Bunge hana ruhusa ya kuchimba. Na mwenye kuona sakafu iko juu mno aende Bungeni.

Mfano wa pili umetoka hapa kwetu Pwani. Mtu alifungwa maisha kwa kumnajisi mtoto ambaye hata miaka 5 hakuwa ametimiza. Julai 2023 Mahakama ya Rufaa ikiwa Malindi ikasema kifungo cha maisha hakiendi na Katiba, ikampa miaka 40. Upande wa mashtaka ukafuata tena, na Aprili 2025 Mahakama ya Juu ikakirudisha kifungo cha maisha.

Sasa nirudi kwa mtoto wetu. Hukumu yake ilikuwa mapema 2023. Kama kuna mtu angefuatilia, ombi la kuongeza kile kifungo lingekuwa Mahakama Kuu wakati maamuzi haya yanatoka. Hakuna aliyefuatilia. Yule mtu akimaliza miaka yake 7 yote, msichana atakuwa na miaka 22. Nyumba zao zimeshikana ukuta kwa ukuta.

Kwa hivyo, hakimu aulizwe na nani?

Wa kwanza kumuuliza ni mahakama iliyo juu yake. Najua rufaa haina picha ya kuweka kwenye simu. Lakini ndiyo njia pekee inayoweza kuigusa hukumu yenyewe. Ukimfukuza hakimu kesho, ile miaka 7 inabaki 7. Rufaa kutoka kwa hakimu hukatwa ndani ya siku 14, na ukichelewa lazima uwe na sababu ya kuieleza mahakama. Tena Mahakama Kuu ina uwezo wa kuitisha faili la mahakama ya chini, kuangalia kama kifungo ni halali, na hata kukiongeza. Lakini tia akilini jambo hili: kesi ya jinai ni ya Jamhuri, si ya mama wa mtoto. Anayepeleka ombi ni ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Ofisi ile ina mafaili mpaka darini. Faili lisilo na mtu wa kuliulizia hukaa chini ya yale yenye watu. Basi kuandika barua ya ukurasa mmoja, kuipeleka kwa mkono, kugongewa muhuri kwenye nakala yako, hiyo ndiyo kazi, na hata kidato cha nne aweza kuifanya.

Wa pili wa kumuuliza ni Tume ya Huduma za Mahakama. Hapa nawaomba msichanganye. Jaji wa Mahakama Kuu haondolewi kwa sababu tumechukia hukumu yake. Katiba inataja sababu: maradhi yanayomzuia kazi, kuvunja maadili ya kazi, kufilisika, kutoweza kazi, na utovu mkubwa wa nidhamu. Mtu yeyote, wewe na mimi, anaweza kupeleka malalamishi kwa maandishi. Tume ikiridhika humpelekea Rais, na Rais ana siku 14 za kumsimamisha jaji na kuunda jopo la kumchunguza. Mahakimu na makadhi wao wako chini ya nidhamu ya Tume moja kwa moja, haina haja ya jopo. Lakini Katiba hiyohiyo inasema jaji hashtakiwi kwa alilolifanya kwa nia njema katika kazi yake.

Mtaniambia: sasa si wameachiwa wafanye watakavyo? Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Malindi ilimwachilia huru mtu aliyekuwa amefungwa miaka 20. Mtoto alikuwa na miaka 13. Jaji akaona kwamba kwa vile msichana alikwenda mwenyewe nyumbani kwa yule mtu, na zaidi ya mara moja, alikuwa amejiweka kama mtu mzima. Miaka 13! Mimi hufundisha watoto wa umri huo. Hulia wakipoteza rula. Sheria haitambui ridhaa ya mtoto, hata angekwenda mara mia. Hukumu ile iliandikwa magazetini mpaka nje ya nchi. Je, jaji aliondolewa? Aliondolewa, ndio, miaka mingi baadaye. Jopo lilipendekeza hivyo mwaka 2023, lakini kwa mambo mengine kabisa ya mwenendo wake, si kwa mtoto wa Malindi.

Hili liliniuma nilipolijua. Nikajiuliza kama hizi njia zetu zina maana. Ndipo nikaanza kusoma habari za wenzetu wanaofanya kinyume, yaani wanaomtoa jaji kwa hukumu yake hasa.

Huko Marekani, jimbo la California, majaji wa mahakama za kaunti hupigiwa kura, na wananchi wakikusanya saini za kutosha wanaweza kuitisha kura ya kumtoa kabla muda wake haujaisha. Januari 2015 katika Chuo Kikuu cha Stanford mwanafunzi mmoja, mwogeleaji hodari, alimshambulia kingono msichana aliyekuwa amepoteza fahamu nje ya karamu. Vijana wawili waliokuwa wakipita kwa baiskeli ndio waliomkamata. Mahakama ikamtia hatiani kwa makosa matatu. Upande wa mashtaka ukaomba miaka 6. Juni 2016 Jaji Aaron Persky akampa miezi 6 katika jela ya kaunti, na akatoka baada ya miezi 3. Jaji alisema jela kuu ingemwathiri vibaya sana kijana yule.

Watu waliwaka, na mimi nikiwako ningewaka. Tume yao ya kuchunguza majaji ikasema Desemba 2016 kwamba haikuona ushahidi wa utovu wa maadili. Wananchi hawakuridhika. Mwalimu mmoja wa sheria wa chuo kilekile, Michele Dauber, akaongoza kampeni, na tarehe 5 Juni 2018 wapiga kura wa kaunti ya Santa Clara wakamtoa jaji, karibu watu 6 katika kila 10. Ilikuwa mara ya kwanza California kumtoa jaji hivyo tangu 1932. Yule msichana, ambaye dunia ilikuwa haimjui jina, alijitokeza mwaka 2019 kwa hiari yake akaandika kitabu. Anaitwa Chanel Miller.

Nikasema, alhamdulillah, haya ndiyo tunayoyataka. Lakini niliposoma zaidi nikakuta waliopinga ile kura hawakuwa marafiki wa wabakaji. Walikuwemo mawakili wanaowatetea maskini, waliosema: jaji akiogopa kura atawakaza wateja wetu. Na watafiti walipokuja kupima hukumu za kaunti zile waliona hivyo hivyo: mara tu kampeni ilipotangazwa majaji wengine walianza kutoa vifungo virefu zaidi, si kwa ubakaji pekee, na uzito wake ukawaangukia zaidi washtakiwa wasio Wazungu.

Tusimame hapo kidogo, sisi vijana wa Kiislamu wa nchi hii. Wako kati yetu, na mnawajua, waliowahi kukamatwa usiku kwa tuhuma za ugaidi, magazeti yakawahukumu kabla ya mahakama. Siku ile umma ulitaka nini? Ulitaka wafungiwe na ufunguo utupwe baharini. Aliyewapa dhamana, au aliyesema ushahidi hautoshi, alikuwa ni jaji aliyekataa kusikiliza kelele za nje. Hatuwezi kumtaka jaji awe kiziwi siku yetu, kisha awe na masikio siku ya mwingine. Na hizi chaguzi zetu, mnazijua zinavyokwenda. Nikifikiria hakimu akizunguka mitaani na fulana na kofia akiomba kura, na anayelipia fulana ni tajiri ambaye kesho mwanawe yuko kizimbani, nasema hapana, kwangu mimi bora hii Tume yetu na mapungufu yake.

Tena nchi hii ilishawahi kuwapiga majaji msasa. Baada ya Katiba ya 2010 iliundwa bodi, na Aprili 2012 majaji 4 wa Mahakama ya Rufaa wakaambiwa hawafai kuendelea. Kwa hivyo hakuna aliye mtakatifu.

Na sasa, baada ya Julai 2024, hali imebadilika kwa jambo moja. Awali hakimu aliyeshuka chini ya sakafu alikuwa na uamuzi wa kuegemea. Leo hana. Akishuka mara moja, hilo ni kosa la kurekebishwa na rufaa. Akishuka mara ya pili na ya tatu, huku anajua mahakama ya juu kabisa imesema nini, hapo mimi naona limetoka kwenye maoni limeingia kwenye kutoweza kazi, na barua kwa Tume ina mguu wa kusimamia. Lakini uandike ukiwa na hukumu zenyewe mkononi, tarehe na namba za kesi. Ukiandika "tumesikia", watakujibu kwa adabu na kuifungia droo. Maamuzi ya Mahakama Kuu kwenda juu yanapatikana bure kwenye mtandao wa Kenya Law. Ya mahakimu utaomba nakala masjala, utalipa kidogo, utazungushwa. Zunguka.

Nisiwe dhalimu kwa majaji pia. Kuna kesi zinazowapa tabu kweli. Kijana wa miaka 18, msichana wa 16 na nusu, wamependana, baba kakasirika, kijana anakabiliwa na miaka 15. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufaa ilisema wazi kwamba taifa likae lizungumze kuhusu umri wa ridhaa na ukali wa vifungo hivi. Lizungumzwe. Sisi Waislamu tuna la kusema katika mazungumzo hayo na si lazima tukubaliane na wote. Ila yafanyike Bungeni, mchana, sio kwenye faili la mtoto wa miaka 13 ambaye aliyemtenda angeweza kuwa babake.

Sasa nimefika mahali ambapo wengine hawatanipenda, na tumo ndani ya Ramadhan.

Kesi ngapi hazimfikii hakimu kabisa? Tunamlaumu kwa miaka 7, na sisi tunatoa sifuri. Kule Kaskazini Mashariki, Garissa, Wajir, Mandera, wanaita maslaha: wazee wanakaa, ngamia au pesa zinahesabika, mambo yameisha. Huku kwetu hatuna jina zuri hivyo, tunasema tu "tumemalizana nyumbani". Mtoto hakuulizwa. Pesa alikula mjomba. Na mwezi huu ndio msimu wenyewe! Likikaribia kumi la mwisho, wanakuja wazee na kanzu zao nyeupe kwa mama wa mtoto: "Bi mkubwa, huu ni mwezi wa kusameheana, usiingie Iddi na kinyongo." Mama anayefunga, anayeogopa kwamba saumu yake haitapokelewa, anakwenda kituoni kuomba kesi iondolewe.

Nasema mbele ya masheikh waliopo, na wanikosoe. Mtoto aliyedhulumiwa akikua akataka kusamehe kwa moyo wake, hiyo ni yake na Mola wake. Mjomba hawezi kusamehe kwa niaba yake. Na kesi kuondolewa si yake mama wala mzee wa mtaa wala OCS. Kifungu cha 40 cha sheria ile ya 2006 kiliyaweka mamlaka ya kusimamisha uchunguzi au mashtaka kwa Mwanasheria Mkuu, na tangu Katiba ya 2010 kazi ya mashtaka iko kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Askari anayesema "mmepatana, basi chukueni barua" anawadanganya. Hata kwa Kadhi msiende na hili. Mahakama ya Kadhi ni ya ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu; jinai si yake.

Wengine mtakumbuka kule Busia mwaka 2013, msichana wa miaka 16 aliyebakwa na genge akatupwa kwenye shimo la choo. Waliokamatwa polisi waliwapa adhabu ya kufyeka nyasi za kituo, wakaachiliwa. Hapo hakimu hakuhusika hata kidogo, kesi haikumfikia. Ilibidi watu zaidi ya milioni moja watie saini ndipo ikaenda mahakamani, na Aprili 2015 watu 3 wakafungwa miaka 15 kila mmoja. Na huko Meru, Mei 2013, watoto wa kike walioshtaki polisi kwa kutochunguza kesi zao za unajisi walishinda Mahakama Kuu. Watoto! Walioshindwa ni serikali nzima.

Kwa hivyo usiniambie haiwezekani.

Kuna dada aliniuliza, kwenye maswali, swali ambalo sikulitarajia. Alisema, "Mwalimu, tukienda kujaa mahakamani si ndio tutamwaibisha mtoto?" Ni swali zuri, na wahariri wameniomba niliweke hapa. Siku mtoto anapotoa ushahidi mtatolewa nje, na ni haki mtolewe. Sheria inamlinda, anaweza hata kuwekewa mtu wa kumsemea. Jina lake msilitaje popote, wala shule yake, wala picha ya nyumba yao. Lakini siku ya hukumu na siku ya kifungo, kwa kawaida mlango uko wazi. Kabla ya kifungo kutolewa, sheria ya mwaka 2014 ya kuwalinda waathiriwa inaruhusu mahakama iambiwe jinsi tukio lilivyomwathiri mtoto: kama ameacha shule, kama halali usiku. Wengi hawajui. Mama wa yule mtoto wetu hakujua, na mimi niliyejiita msaidizi wa sheria sikuwako kumwambia, nilikuwa napaka rangi bango. Zile kurasa ambazo mtoto hamo ndani yake, sehemu ya kosa ni yangu.

Tangu hapo tumeanza kidogo kidogo. Tuko 11, wanaume 5 na wanawake 6. Tuna daftari moja la kawaida, la mistari. Kila kesi tuliyoombwa na familia kuifuatilia ina ukurasa wake: namba ya kesi, tarehe ya kutajwa, jina la hakimu, nani alikwenda siku ile, na siku ya hukumu tunahesabu 14 kwa kalamu nyekundu. Hatuandiki jina la mtoto, tunaandika herufi. Tangu Machi 2022 kuna mahakama maalum ya kesi hizi Shanzu, ya kwanza nchini, na kesi zetu mbili ziko huko. Nyingine ziko mahakama za kawaida.

Kuna moja hukumu yake imepangwa wiki ya pili baada ya Iddi. Mama ana watoto wadogo na hana wa kumwachia, basi nahitaji dada wawili wa kukaa na watoto, na watu wanne au watano wa kukaa benchi. Mavazi ya heshima, simu zimezimwa, hakuna mabango. Tunatoka msikitini baada ya Alfajiri kwa sababu mahakama huanza asubuhi na foleni ya ukaguzi ni ndefu. Nauli tutachanga. Daftari liko kwangu, anayetaka kuandika jina lake anione hapa mlangoni kabla ya kufuturu.

Wabillahi tawfiq.